Siku Aliyokula Bibi Koleo

Enyi watu wa Chaani, mliozaliwa hapa na mlioshushwa hapa na gari la moshi, wapangaji na wenye nyumba, tegeni masikio! Acheni ndoo zenu penye bomba, zitangoja, zimezoea. Naja kuwapa habari ya vita kuu na ushindi mkuu, habari ya shujaa, ya malkia, na ya mateka mwenye mabawa, mambo yaliyotukia Jumapili moja ya kaskazi, baina ya saa nane mchana na saa kumi na moja kasorobo. Mimi ni Nzai, fundi viatu, mwenye kigoda mbele ya duka la Mansur. Niliyoyaona, niliyaona kwa macho haya mawili. Nisiyoyaona, nilisimuliwa na wenyewe. Na palipobaki upenyo nimepaziba kwa gundi yangu, maana hiyo ndiyo kazi yangu na hakuna aliyewahi kunirudishia kiatu.

Nianze na shujaa. Jina lake Erastus, Mwenye Kalamu Tatu Mfukoni, Mshinda Foleni, Mzee wa Kanisa, karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini kule Kipevu kwa miaka thelathini na mmoja. Huyu ndiye aliyepata kusimama mbele ya dirisha moja siku nne mfululizo akitaka muhuri mmoja, hata mwenye muhuri akaona haya akaupiga. Makontena yalimtii. Madereva wa malori walimwamkia. Lakini nyumbani kwake, katika chumba na sebule alivyopanga pembeni mwa duka la Mansur, dirisha lake likiwa juu tu ya kigoda changu, alikuwa na adui asiyemweza, naye ni simu ya Jumapili.

Yataka nieleze, na hapa sifanyi mzaha. Erastus ana binti mmoja, Valarie. Mkewe, marehemu Agneta, ndiye aliyekuwa akiwasemea wote wawili: baba akitaka kumwambia binti jambo, alimwambia mama, binti akitaka kumjibu baba, alimjibu mama. Agneta alipofariki, nyumba ile ilibaki na watu wawili wanaopendana sana na wasiojua waanze vipi kuambiana. Kisha Erastus akamtafutia Valarie kazi ya ukarani Kipevu, na Valarie akasema yeye anakwenda Eldoret kusomea wadudu. "Wadudu?" aliuliza baba. "Wadudu," alijibu binti. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote ya mwaka ule.

Siku ya kuondoka, Valarie alimkabidhi baba yake sanduku la kioo lenye mchanga, makumbi ya nazi na kigae cha chungu kilichovunjika. Chini ya kigae alikaa nge mweusi, mpana, aliyeokotwa Kwale penye rundo la magogo, mwenye magando mazito yaliyompa jina lake: Bibi Koleo. "Baba, mlishe," alisema. "Kila Jumapili nitapiga simu uniambie kama amekula." Basi tangu hapo, kila Jumapili saa kumi, simu ikawa yalia. "Shikamoo Baba. Amekula?" "Marahaba. Amekula." "Haya, Baba." "Haya, mama." Sekunde thelathini na tano. Nimezihesabu mimi mwenyewe, sindano ikiwa mkononi.

Sasa zijueni ada za malkia. Bibi Koleo hali maiti. Hali chapati, hali omena, hali soseji hata ikinunuliwa kwa heshima yake. Erastus alijaribu vyote akaviona vikiota ukungu. Yeye hutaka windo lililo hai, lenye kutembea, kwa kuwa macho anayo mengi na uoni hana. Husikia kwa miguu. Huketi mlangoni pa kigae chake, magando wazi, kimya, saa nzima, saa mbili, mpaka mchanga utikisike. Hapo hudaka. Mwiba wa mkiani hautoi ovyo, maana sumu huchukua siku nyingi kuitengeneza upya naye si mbadhirifu. Kisha hula taratibu, mfano wa mkwe aliye ugenini: hutafuna kidogo, humiminia mate, hungoja nyama ilainike, hunywa mchuzi wake, na mwisho huacha mlangoni kijifundo cha mabawa na miguu. Mlo mmoja kwa wiki humtosha. Na kwa miezi minane mlo huo ulitoka jikoni mwa Erastus, ambamo mende walihudhuria vizuri kuliko waumini wanavyohudhuria ibada ya katikati ya wiki.

Ndipo balaa lilipoingia. Mwenye nyumba alileta watu wenye mitungi migongoni wakapulizia dawa vyumba vyote vya upande wetu. Erastus alimtia malkia, sanduku na yote, katika kikapu cha chakula, akaenda naye kazini siku tatu, akamweka chini ya meza, na ofisi nzima ikasema karani amekuwa mchoyo, ana kikapu kikubwa na hagawi hata andazi. Aliporudi, hapakuwa na mende aliye hai hata mmoja. Wiki ya kwanza Bibi Koleo hakula. Simu ikalia. "Amekula?" Erastus akafikiri ataanzaje kueleza dawa, mitungi, kikapu, hakuwa na maneno ya kutosha kwa jambo refu namna ile. "Amekula," akasema. Wiki ya pili akasema hivyo hivyo. Wiki ya tatu akasema hivyo hivyo, akaongeza na picha ya malkia. Kisha Jumamosi jioni ukaja ujumbe: "Baba, kesho napiga kwa video. Nataka nimwone akila."

Aliutoa nje ujumbe ule akanionyesha. "Nzai," akaniambia, "mtoto wangu nimemdanganya mara tatu. Na huyu mdudu akikufa, mimi na Valarie tutaongea nini?" Nilimwambia alete viatu vyake vya kanisani nivipake rangi, maana hilo ndilo nililoliweza.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya ibada, shujaa alitoka kuwinda panzi kando ya reli. Lakini ilikuwa kaskazi, nyasi zimeungua. Panzi alikuwa mmoja tu, na mwenye mbio. Erastus alirudi na suruali iliyochanika gotini, akabadili, akaenda kanisani, akasoma somo la kwanza kwa sauti ya mtu asiyejua anasoma nini. Chai hakunywa. Chakula cha mchana hakugusa. Na ilipofika saa nane, akiwa na suti, tai, na chupa tupu ya jamu mkononi, alivuka njia kwenda ng'ambo, kwa mwenye nyumba mwingine, ambako dawa haikufika.

Ng'ambo ndiko anakotawala Mapenzi, Bibi wa Karai, Mpasua Viazi, ambaye ukwaju wake umepatanisha ndugu waliokosana. Hupika barazani kwake, na Jumapili baada ya ibada watu hujaa pale hata hakuna pa kutia mguu. Erastus alipenya katikati yao. Nanyi mkumbuke kwamba huyu mtu ametoka bara, na bara kila kitu huulizwa kwa namna moja, kiwe sukari, kiwe mkaa, kiwe chai ya rangi. Akasimama mbele ya karai, akakohoa kikarani, akauliza kwa sauti iliyozoea kushindana na winchi za bandarini:

"Mapenzi, mende iko?"

Kijana mmoja aliyekuwa ameinua bhajia akaishusha, akaifungua katikati, akaitazama ndani. Dorothy wa kwaya, ambaye kiazi kilikuwa tayari mdomoni, hakujua akimeze au akitoe.

Mapenzi akainuka polepole, mwiko mkononi. "Haa! Jamani nyinyi munaokula, mumesikia? Mimi, Mapenzi wa Kahindi, niliyeketi na karai hili miaka kumi na miwili, nisiyewahi kumpa mtu kiazi kibichi wala ukwaju uliolala, leo naagizwa mende mbele ya wateja wangu! Tena na mzee wa kanisa! Tena kavaa tai! Erastus, mimi nakuheshimu kama kaka yangu. Ondoka hapa sasa hivi, kabla mwiko huu haujasahau heshima!"

Shujaa alirudi nyuma. Wako watakaosema alikimbia. Mimi nasema alirudi nyuma kwa hatua ndefu.

Akaja akaketi kwenye gunia la mchele dukani kwa Mansur. Mansur huyu ni mtu wa Mvita, wa ukoo wa kale, na Kiswahili cha wengine humuuma jino. Alikuwa ameyasikia yote.

"Yakhe," akasema, "wallahi wewe watisha. Miaka thalathini u Mombasa na bado waingilia jambo kwa mlango wa mbele! Kwanza huyo haitwi mende. Sisi twamwita kombamwiko. Jina lenyewe lakwambia: hukomba mwiko. Sasa mtu anayeishi kwa mwiko wake, wenda kumwuliza mbele ya watu kama mna mdudu anayemkombea! Hilo ni tusi, bwana. Afadhali ungemwibia karai."

"Sasa nifanye nini?" akasema Erastus. "Ni saa nane na nusu. Mtoto anapiga saa kumi."

"Rudi. Muamkie. Muulize hali yake, na ya watoto, na ya ule mguu wake. Kisha usiseme wataka kombamwiko. Sema wako amekupotea. Sema wachelea amekimbilia jikoni kwake. Hapo aibu waibeba weye, naye hubaki na heshima yake. Akiwa naye, atakupa. Akiwa hana, mutaagana kwa wema."

Erastus akatazama ng'ambo. "Niseme ni mimi nafuga mende? Mbele ya Dorothy? Kanisa lote litajua kabla ya ibada ya jioni."

"Wataka kombamwiko," akauliza Mansur, "ama wataka sifa?"

Enyi mnaosikiliza, pimeni wenyewe. Mtu yule hana mali ila jina. Kwa miaka thelathini na mmoja ameikinga suti ile na vumbi la Kipevu, amekuwa akisoma masomo, akibeba sadaka, akiitwa mzee. Nilimwona akiitazama simu yake, kioo kikiwa kimezimika. Kisha akaikaza tai, akainuka, akavuka njia mara ya pili, nami nikaacha viatu vya watu nikamfuata, kwa kuwa historia haiandikwi kutoka kwenye kigoda.

"Mapenzi, hujambo dada yangu?"

"Sijambo." Hakuinua macho.

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Na mguu?"

Mwiko ukasita. "Mguu wapona," akasema Mapenzi. "Ahsante kwa kuuliza."

Ndipo Erastus, Mzee wa Kanisa, alipoipaza sauti ili wote wasikie, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. "Mapenzi, nimekuja na aibu yangu. Mimi nyumbani kwangu nilikuwa na kombamwiko. Mkubwa. Nilikuwa namlea. Sasa amenitoroka, na naogopa amevuka njia akaingia kwako akakuharibia jina. Kama yuko, kosa ni langu. Nimekuja kumchukua."

Dorothy akakimeza kile kiazi. Mapenzi akamtazama shujaa kwa muda mrefu, akayafahamu yote, na uso wake ukalegea.

"Kwangu mimi hakuna kombamwiko," akasema.

"Najua."

"Wala hakujakuwako."

"Najua, dada yangu."

"Lakini juzi, nyuma ya gunia la viazi, nilipishana na mmoja. Nikajiambia, huyu si wa hapa. Ana sura ya bara." Watu wakacheka, na yule kijana akairudia bhajia yake. "Ila siwezi kutoa mali ya mtu hivi hivi. Wako alikuwaje?"

Hapo alikuwa amemgusa karani palipo na nguvu zake. "Idadi, mmoja," akasema Erastus. "Rangi, kahawia. Mabawa kamili. Papasi za kichwani mbili, ya kushoto imepinda. Hali, mzima. Matumizi, ya nyumbani."

"Ndiye," akasema Mapenzi. "Ingia umchukue."

Siwezi kuwasimulia vita vya gunia la viazi kama vilivyostahili, maana chumba kilikuwa kidogo nami nilikuwa nyuma ya Dorothy. Nitasema tu kwamba Mapenzi alilipiga gunia kwa mwiko mara tatu. Kwamba mara ya tatu alitoka kombamwiko wa kimo cha kutisha, akaruka, akazunguka taa, akatua juu ya tai ya Erastus, akaanza kupanda kuelekea kidevuni. Wanawake walipiga kelele. Mansur, ambaye alikuwa amefika kutuonyesha namna ya kufanya, alitoka tena. Lakini Erastus hakujitikisa. Alisimama alivyosimama zile siku nne mbele ya dirisha la muhuri, akainua chupa ya jamu polepole, akamfunika mateka pale pale kifuani pake.

Saa kumi kasoro dakika tano tulikuwa sote chumbani kwake. Mansur alifunga duka, jambo ambalo halifanyi ila kwa swala. Mapenzi alimwachia Dorothy karai. Tukatundika leso dirishani, kwa sababu malkia hapendi mwanga, tukabakisha ufa mdogo tuone. Bibi Koleo alikuwa mlangoni pa kigae, magando mbele, akisubiri. Simu ikalia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Amekula?"

Erastus alifungua mdomo, na niliona lile neno moja likija lenyewe kwa mazoea. Akalimeza. "Hajakula," akasema. "Hajakula wiki tatu. Walipuliza dawa, mende wakaisha. Nilikudanganya, mama. Nisamehe."

"Najua, Baba."

"Ulijua?"

"Kwenye picha uliyotuma, ngozi ya ubavuni ilikuwa imekunjika. Akishiba hunyooka. Lakini usijali, nge hukaa hata miezi bila kula, hana neno. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Hata miezi! Mansur alinitazama, nami nikavitazama viatu vyangu. Tai iliyochafuka, jina lililotupwa njiani, suruali iliyochanika, vyote kwa ajili ya bibi aliyekuwa na uwezo wa kungoja mpaka mvua za masika. Lakini Erastus alikuwa ameshakifungua kizibo cha chupa. "Basi na umwone sasa," akasema, akaielekeza simu, akammwaga mateka mchangani.

Kombamwiko alianguka chali, akajigeuza, akasimama. Papasi zikatikisika. Akatembea hatua mbili, na Bibi Koleo akajua. Mguu mmoja tu uliinuka, basi. Hatua ya tatu. Gando likatoka, likadaka bawa, bawa likachanika, kombamwiko akachomoka, akakimbia kuuzunguka ukuta wa kioo! Malkia akageuka papo hapo. Sote tulikuwa tumeinama, vichwa vikigongana, na ndipo katika joto la vita ikasikika sauti ya Mapenzi: "Kaza, mwanangu! Usikubali! Wewe umekulia kwangu!"

Hakuna aliyesema kitu. Mpaka leo hakuna aliyesema kitu, na mimi mwenyewe hapa nimenukuu vibaya.

Mzunguko wa pili, magando yote mawili yalifunga. Mkia uliinuka, ukapima, ukaona hapana haja, ukashuka. Kisha taratibu, kwa adabu zake zote, Bibi Koleo akaanza kula.

"Umeona?" akapiga kelele Erastus, machozi yakimlengalenga na asijue. "Umeona, Valarie? Amekula! Amekula kweli!"

Kicheko kikatoka kwenye simu. "Baba, kamera hukuigeuza. Nge sikumwona hata ukucha."

"Kumbe umeona nini wakati wote huo?"

"Nimekuona wewe."

Erastus akaishika simu kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yeye wala binti yake hakuwa na haraka ya kusema haya. Kisha Valarie akauliza, "Na wewe, Baba? Wewe umekula?"

"Bado," akasema Erastus. "Sijakula tangu jana."

Mapenzi alikuwa ameshatoka. Alirudi na sahani ya viazi vya moto, ukwaju pembeni, akamwekea magotini, naye shujaa akala huku akisimulia: dawa, mitungi, kikapu ofisini, panzi wa reli, mwiko. Maneno aliyoyakosa wiki tatu yalitoka yote, na mengine ya miaka. Mahali fulani alimtaja Agneta, wakaendelea. Dakika arobaini na moja, mpaka chaji ikakatika.

Basi na iandikwe, na atakayekuja kuuliza aambiwe: katika Jumapili ile ya kaskazi, hapa Chaani, malkia alikula na karani akala. Kijifundo cha mabawa kimehifadhiwa ndani ya chupa ya jamu, juu ya televisheni, kando ya picha ya marehemu, na karatasi iliyobandikwa juu yake ina maandishi ya wino wa rangi tatu. Mansur asema maneno yake ndiyo yaliyoshinda vita. Mapenzi asema kwake hakuna kombamwiko. Nami Nzai, niliyesimama tangu mwanzo hadi mwisho kwa njaa ili haya yasipotee, niliachiwa kiazi kimoja, nacho kilikuwa kimepoa.